Mtani Hasemi ya Kuandikiwa

Kosa la kwanza la Alizeta lilikuwa kumwamkia Mzee Toé kwa adabu.

Adabu ni kitu kizuri, na sisi wa mtaa wa Tanghin hatujaishiwa nayo. Lakini kila kitu kina mahali pake. Alizeta ni Mmosi, binti wa marehemu Boukaré Nikiéma mchoma kuku, na Toé fundi baiskeli ni Msamo, na Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayekumbuka nani alianza. Mmosi akikutana na Msamo humuuliza leo amekula mbwa wa nani. Msamo humjibu kwamba afadhali mbwa kuliko punda, kwa maana Mmosi na punda huyo huyo wanajuana kwa sufuria. Huyu anamwita yule mtumwa wake, yule anamuuliza nani alimwachia huru, wanacheka, kila mtu anashika njia yake. Ndivyo tunavyosalimiana. Sasa binti wa Boukaré akaja asubuhi kwenye kibanda cha baiskeli, mikono ameifumbata kifuani kama aliyekwenda ukweni.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa usumbufu."

Toé alikuwa anatafuta pancha kwenye beseni la maji. Aliacha mpira ukielea, akamtazama.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee."

"Basi mbona unaniamkia kama umeleta barua ya mahakama? Baba yako alikuwa ananiita mwizi wa mbwa. Mama yako mpaka leo ananiita mtumwa, tena mbele za watu. Wewe mwenyewe ulipokuwa na urefu huu ulikuwa unanitupia mifupa, unasema kula, usione haya. Leo mimi ni mzee. Kuna nini? Daktari amewaambia nakufa?"

Alizeta alitabasamu kwa pembe moja ya mdomo. Alikuwa na jambo kubwa moyoni, na mtu mwenye jambo kubwa hufikiri heshima ndiyo itakayolibeba.

"Nataka ucheze kwenye filamu yangu."

"Filamu, au zile video zako?"

Neno hilo lilimwingia, lakini alilimeza. "Filamu. Fupi, lakini filamu. Nataka uwe baba."

"Baba wa nani?"

"Baba yangu."

Toé akaurudisha mkono majini, akaugeuza mpira mpaka povu likatoka kwenye tundu. "Huyo namfahamu," akasema. "Lini?"

Akampa karatasi zilizochapwa vizuri, zimebanwa kwa pini, akashukuru tena kwa adabu, akaondoka. Toé alizitundika kwenye msumari pamoja na minyororo.

Ili mtu aelewe kwa nini neno video lilimchoma Alizeta, inabidi nirudi nyuma kidogo. Alizeta aliacha chuo cha ukatibu muhtasi akanunua simu iliyotumika, yenye kamera nzuri na kioo kilichopasuka. Waga, mji mkuu wetu, ni mji wa filamu, hata mbuzi wetu wamezoea kupishana na kamera, na kila kijana mwenye bando anajiona mtengeneza filamu. Yeye naye akaanza kama wanavyoanza wote, kwa kukosea. Video zake za kwanza, upepo ulimeza sauti yote. Zilizofuata zilisikika, lakini kila mtu alikuwa na uso mweusi kama chungu kwa sababu alimsimamisha mbele ya jua. Akajifunza. Akaivika maikrofoni yake soksi ya mtoto ili upepo usiingie. Akajua kutundika vitenge ukutani ili chumba kisitoe mwangwi. Watu hawakumtazama bado, ila mama yake na rafiki yake Edwige, msusi wa nywele, ambaye alimshikia simu kwa sababu mikono yake haitetemeki.

Ndipo akatengeneza ile ya mchoma kuku.

Sisi kuku wa kienyeji tunamwita kuku wa baiskeli, maana anatoka kijijini amening'inizwa kwenye baiskeli kichwa chini miguu juu. Nyama yake ngumu, tamu, na ina heshima yake. Katika ile video, mchoma kuku mmoja anauza kuku wa barafu waliotoka ng'ambo, halafu anaapa kwamba ni wa baiskeli. Mteja anamuuliza, baiskeli yake iko wapi? Mchoma kuku anaingia ndani, anatoka na baiskeli kuukuu, anamfunga kuku wa barafu juu yake mbele ya macho ya mteja. Ilichekesha kwelikweli. Mtu ambaye hakucheka alikuwa na jino bovu. Ilitembea kutoka simu hadi simu mpaka mji wa Bobo, na kwa mara ya kwanza Alizeta alisikia watu asiowajua wakilitaja jina lake.

Tatizo ni kwamba, alipokuwa anamfundisha mwigizaji, alimpa anachokijua. Akampa kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Akampa kipepeo cha kipande cha boksi. Akampa kile kikohozi kikavu cha mara mbili kabla ya kusema neno. Tanghin nzima ikamwona Boukaré. Na Boukaré, Mungu amrehemu, hakuwahi kuuza kuku wa barafu hata mmoja maishani mwake. Kila alfajiri alikuwa anakwenda sokoni mwenyewe kuwabonyeza mapaja kwa kidole gumba.

Wateja wakaanza. "Mzee, huyu alikuja na baiskeli au na ndege?" Siku za kwanza Boukaré alicheka nao. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye hata hilo likaisha, na wengine ambao hawakuwa wanatania wakaanza kununua kwingine. Mtu anaweza kustahimili kuchekwa kwa kosa lake. Kuchekwa kwa kosa ambalo amelikwepa maisha yake yote, hilo linaua kitu ndani.

Akaacha kusema na binti yake. Wanakaa nyumba moja, wanakula tô, ugali wetu wa mtama, kutoka sahani moja, lakini akitaka kumwambia kitu anapitia kwa mke wake. "Salamata, mwambie mtoto wako apunguze redio." Na mtoto mwenyewe amesimama pale, mkono ungemfikia. Alizeta aliifuta ile video, lakini kilichokwisha kuingia kwenye simu za watu hakifutiki. Alimtuma mama yake kuomba radhi, si mara moja. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwambie nimesikia." Nimesikia si nimesamehe, hata mtoto mdogo anajua. Miaka miwili ikaenda hivyo. Halafu alfajiri moja Boukaré alianguka sokoni katikati ya matenga ya kuku, presha, na walipomfikisha hospitali hakukuwa na mtu wa kutibiwa.

Siku ya maziko, jeneza lilipokuwa linatoka uani, Toé alilala kifudifudi kwenye njia akasema halipiti mtu mpaka apewe kuku. Ni haki yake, mtani hana msiba. Wakambembeleza, imamu mwenyewe akatia mkono mfukoni. Alipoinuka alikuwa amevaa kofia ya sufu ya marehemu, sijui aliipata wapi, akakohoa mara mbili, akaanza kupepea moto usiokuwepo na kuwafokea wabeba jeneza kwamba wanamuunguza upande mmoja. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Alizeta alishika ukuta. Kwa dakika ile aliyekufa alikuwa amesimama uani kwake, mzima, ananuna. Na palepale, katikati ya kilio, alijua filamu yake itakuwa ipi na nani ataicheza.

Aliandika kwa miezi. Filamu yenyewe ilikuwa nyepesi: binti anakwenda kwenye jiko la baba yake kuomba msamaha. Binti haonekani, kwa sababu Alizeta hakuwa na mwigizaji wa kike, na kwa sababu alisikia kwamba kamera inaweza kuwa macho ya mtu. Baba amempa mgongo. Anachoma, anageuza, anapepea. Mwishowe anageuka, anaitazama kamera moja kwa moja, anasema: "Mwanangu, nimekusamehe. Niliona kazi yako, nikafurahi." Basi. Kwa watu wa klabu ya watengeneza filamu wanaoanza, waliokubali kuionyesha kwenye ukuta wao, alisema ni filamu kuhusu vizazi viwili. Uongo mtupu. Filamu nzima ilikuwa sentensi ile, yaliyobaki yalikuwa njia ya kuifikia. Alitaka kuisikia kwa sauti ya baba yake walau mara moja, kisha aweze kuirudia kila akitaka.

Siku ya kurekodi waliwasha jiko la Boukaré lililokuwa limelala tangu afe. Edwige alisimamisha simu kwenye stendi aliyoiunda kwa uma wa baiskeli. Mama Salamata alipewa ile karatasi ya rangi ya fedha ya kuzuia jua kwenye kioo cha gari, aurudishe mwanga usoni kwa mwigizaji. Alikuwa ameishika kama sinia la harusi.

Toé alifika akiwa amenyoa ndevu, amejipaka manukato, amevaa joho lake la bluu la Ijumaa lenye nakshi kifuani.

"Mzee," Alizeta alisema taratibu, "huyu ni mchoma kuku."

"Kwani mchoma kuku hapigwi picha amependeza? Hii itaonekana mpaka kwetu Tougan. Ndugu zangu waseme nimepauka?"

"Mtumwa," Mama Salamata akasema, "vua hilo pazia. Unanuka kama bibi harusi wa tatu." Akaweka karatasi yake chini, akaingia ndani, akatoka na aproni na ile kofia. Hakuwa amevifua. Moshi na mafuta ya kuku vilikuwa bado vimo, na alivitoa mikononi mwake polepole kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto.

Wakaanza, wakakwama. Mashine ya kusaga nafaka ya jirani ilianza kunguruma, wakangoja mama mmoja amalize mtama wake. Wakaanza tena, ikapita pikipiki isiyo na bomba la moshi. Wakaanza tena, kuku kwenye tenga wakagombana. Hayo yote Alizeta alikuwa anayajua, hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni Toé. Yule aliyewaliza watu kwa kicheko siku ya maziko alikuwa amesimama mbele ya jiko amekakamaa, mikono inaning'inia, hajui hata kipepeo kinashikwa upande gani.

"Geuka sasa, mzee. Taratibu. Itazame kamera."

Toé aligeuka akatazama tenga la kuku.

"Kamera, mzee. Tafadhali."

Akaitazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la chanjo, "nimekusamehe. Niliona..." Akatikisa kichwa. "Hapana."

"Umesahau? Ni niliona kazi yako."

"Sijasahau. Sisemi."

Edwige aliinua kichwa. Alizeta akavuta pumzi, adabu bado anayo. "Kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa sababu Boukaré hakusema hivi na asingesema hivi. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu wote wawili tuna meno. Yule akifurahi alikuwa anatukana. Akifurahi sana alikuwa anaondoka, anakwenda kujifanya anatafuta mkaa. Huyu uliyemwandika humu mimi simjui. Labda ni padri. Na unaniambia nitazame kamera, kamera ndiyo wewe. Boukaré alikutazama lini?"

"Ni filamu, mzee. Si kweli."

"Kofia hii ni ya kweli. Inanuka ukweli mpaka puani." Akaivua, akaishika. "Sikiliza. Mimi mtani. Nina ruhusa ya kumcheka aliyekufa. Nina ruhusa ya kulala kwenye kaburi lake na kudai kuku. Kumsingizia sina ruhusa. Kila kitu nitakufanyia, ila nisimtie mdomoni neno ambalo hakulitoa."

"Lakini ndilo ninalolitaka."

"Najua ndilo unalolitaka. Nani hajui?"

Basi hapo kitu kikakatika. Labda ni kwa sababu alisema nani hajui, na Mama Salamata hakuinua macho kubisha. Alizeta alitoka nyuma ya kamera, adabu yote ya wiki nzima ikamwagika njiani.

"Mla mbwa wewe. Mtumwa usiye na haya. Umekuja kwenye kazi yangu na joho kama mfalme, na kwenu mfalme anatawazwa kwa mkia wa mbwa. Nimekuomba neno moja, moja tu, unanipa hotuba. Siku ya maziko ulijua kuigiza mbele ya watu wote, leo nimekuita mimi unakuwa gogo. Rudi kwenye pancha zako, na mpira ukikuzidi ujanja, uule, umezoea kula visivyoliwa."

Mama Salamata alicheka mpaka karatasi ya fedha ikatupa mwanga juu ya paa. Na uso wa Toé, uliokuwa umefungwa tangu asubuhi, ukafunguka wote.

"Eee," akasema. "Kumbe upo. Nilidhani wamekubadilisha chuoni." Akavaa kofia. "Hivi ndivyo mtu anavyoitwa. Kaa huko ulipo."

Akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Akaingiza mabega ndani, akawapa mgongo wote, akachukua kipepeo. Akakohoa mara mbili.

Mama Salamata aliacha kucheka.

Moto ulipepewa kwa mipigo mifupi, mitatu kisha kupumzika, kama ulivyopepewa mahali pale kwa umri wote wa Alizeta. Kidole gumba kikabonyeza paja la kuku juu ya wavu. Hakikuridhika, kikamgeuza.

"Salamata," ikasema sauti yenye vumbi. "Mwambie mtoto wako aondoe simu yake mbele ya moto. Itayeyuka, halafu aseme ni mimi."

"Mwambie mwenyewe, Boukaré," Mama Salamata akajibu. "Mimi si redio." Akaziba mdomo kwa kiganja. Miaka miwili alikuwa amejibu hivyohivyo, na mdomo wake ulikuwa haujapata habari kwamba mwenyewe amekufa.

Alizeta alipiga hatua. Hakukusudia. Aliingia ndani ya picha, pale ambapo binti hakutakiwa kuonekana, akasimama nyuma ya ule mgongo.

"Baba, nimekuja."

"Mwambie sijamwita."

"Nimekuja bila kuitwa. Nilikosea. Nilitaka watu wacheke."

"Mwambie walicheka."

"Baba."

"Mwambie walicheka sana. Yule wa gereji alicheka mpaka akakaa chini. Nilimletea maji mimi mwenyewe."

Alizeta alikuwa hajui hilo. Alikuwa ameandika msamaha kwa miezi na hakuwahi kuandika maji ya yule wa gereji.

"Nilikuwa naanza," akasema. "Nilikuwa sijui kitu. Nilitafuta mtu wa kuchekesha, sikuwa na mwingine, nilikuwa na wewe tu. Tangu mdogo nakaa kwenye kile kigoda nakutazama ukigombana na kuku ambaye ameshakufa. Sikukuiga kwa sababu nakudharau. Nilikuiga kwa sababu wewe ndiye ninayekujua kwa moyo. Ningejua kingine ningefanya kingine. Sasa nasikia sauti yako kwa watu wote wanaokuiga, na yako mwenyewe sina hata kwenye simu, kwa sababu ulikataa kusema nami, na mimi nilikuwa naogopa kukuomba."

Kipepeo kilisimama.

"Salamata," ikasema ile sauti. "Mwambie..." Ikakatika. Mafuta yalidondoka kwenye mkaa. "Mwambie nimesikia."

"Nimesikia si jibu," Alizeta akasema.

Mgongo haukugeuka.

"Baba, nimesikia si jibu. Umenipa hilo miaka miwili."

Mgongo haukugeuka, na ulikuwa sahihi, na ndiyo maana uliuma. Edwige akanong'ona kutoka nyuma ya simu, "Nikate?"

Toé akavua kofia. Akaiweka juu ya kigoda cha mbao kilichokuwa kando ya jiko, akaitengeneza vizuri kama inayovaliwa na mtu. Alipogeuka alikuwa Toé tena, mzee mwenye goti bovu na macho mekundu ya moshi.

"Huyo ndiye," akamwambia Alizeta. "Hakuna mwingine. Ningeweza kukaa hapa mpaka Ijumaa, asingegeuka."

"Basi tumemaliza," Alizeta akasema.

"Tumemaliza nini? Nikuulize. Miaka yote hiyo, nani ulimtuma kukuombea?"

"Mama."

"Mke. Mke hatumwi kwa jambo kama hilo, mke anajibiwa nimesikia. Mbona hukunituma mimi?"

Alizeta alimtazama bila kuelewa.

"Mimi, mtani wake. Mtani akiomba, anakataliwa na nani? Nilikuwa hapo, ukuta kwa ukuta. Unapita kila asubuhi na simu yako, unaniambia habari za asubuhi, unapita. Ungesema tu, mla mbwa, nenda kaniombee kwa baba. Siku hiyo hiyo ingekwisha. Nyinyi mmeufanya utani kitu cha kuchekeshana."

"Sikufikiri," Alizeta akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wallahi sikufikiri."

"Najua hukufikiri. Na mimi nilifikiri, nikanyamaza. Nikasema aanze yeye, mimi siombwi na mtu anayenipita bila kunitukana. Kiburi changu nacho kimo humo." Akajifuta uso kwa aproni. "Sasa niombe."

Jua lilikuwa linaondoka kwenye jiko na Mama Salamata alikuwa ameiacha karatasi ya fedha ikalala chini. Alizeta alilamba midomo iliyokauka.

"Mla mbwa," akasema. "Mtumwa wa babu yangu. Nenda kaniombee kwa baba."

Toé akapiga magoti mbele ya kigoda. Kwanza goti zima, kisha lile bovu, kwa kulishika kwa mikono miwili. Hakuigiza. Aliongea kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kubishania bei ya mpira.

"Boukaré, mla punda. Ni mimi. Mtoto wako amekosa. Alikucheka mbele za watu, tena kwa jambo ambalo hukulifanya, na lilikuuma, nililiona, ulikuwa unakuja kukaa kwangu husemi kitu. Sasa sikiliza. Mimi nimekutukana tangu ujana wako. Nimekuita mwizi mbele ya wakwe zako. Hukuwahi kuninunia hata siku moja, kwa sababu huna ruhusa. Basi hasira ya mtoto nipe mimi. Naichukua, inakuwa yangu, na kwangu haikai. Usiponipa nitakuja hapo ulipo nilale juu yako, na wajukuu zangu walale juu yangu, hutageuka ubavu mpaka kiyama. Nakuomba, ndugu yangu. Mimi mtumwa wako nimekupigia magoti. Msamehe mtoto."

Kwenye wavu kuku alikuwa anaungua upande mmoja na hakuna aliyemgeuza. Toé aliinamisha kichwa, akatega sikio upande wa kofia. Alikaa hivyo muda mrefu. Alizeta naye akajikuta anasikiliza, mwili mzima, na Edwige pia, na Mama Salamata ambaye midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Amekubali," Toé akasema. "Kwa kununa, lakini amekubali."

Alizeta alimgeukia mama yake, kama mtoto anayeuliza kama ni kweli.

"Mtani ameshaomba, mwanangu," Mama Salamata akasema. "Atakataa vipi? Hata angekuwa hai asingeweza."

Alizeta alikaa chini palepale, kwenye majivu, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu wamzike, mpaka jirani akazima mashine yake akachungulia ukutani. Mama yake alikuja akakaa naye. Toé alijaribu kuinuka akashindwa, akabaki amepiga magoti, anawaambia wamwache alie. Edwige ndiye aliyezima kamera, kwa sababu Alizeta alikuwa amesahau kabisa kwamba kulikuwa na filamu.